Uliza Mkono Wako Utashika Nini: Hotuba kwa Wanaochagua Chuo cha Udaktari wa Wanyama

Waheshimiwa walimu, wazazi wetu, na nyinyi vijana mliopata nafasi katika vyuo viwili au vitatu na sasa usingizi umewaruka: habari za asubuhi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Leo nawaomba mlichague jembe, tena mligeuze na mlitazame vizuri, kwa sababu mtakaa nalo miaka minne, mitano au sita, na baada ya hapo mnyama wa watu atalala mezani mbele yenu akitegemea mlichofundishwa.

Swali ninaloulizwa kila ninapoalikwa ni moja: "Daktari, chuo kipi ndicho bora?" Huwa silijibu. Si ujeuri. Ni kwamba anayeuliza hivyo mara nyingi ana orodha mfukoni, ile inayopanga vyuo kuanzia wa kwanza, na anataka niithibitishe. Basi tuanze na hiyo orodha. Ile ya U.S. News, chombo cha habari cha Marekani, hutokana na maoni: wakuu na wahadhiri wa vyuo vya udaktari wa wanyama huulizwa wanavyowaona wenzao. Nyingine hupima sifa ya chuo miongoni mwa wasomi na jinsi tafiti zake zinavyonukuliwa. Ni mambo ya maana kwa anayekwenda kufanya utafiti. Lakini hakuna hata moja kati yake inayokwambia kama mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa nafasi ya kushona kidonda mwenyewe au husimama nyuma ya mabega ya watu watano akichungulia.

Na mimi nikiulizwa chuo kinapimwaje, kipimo changu ni hicho hicho. Mkono wangu utashika nini, lini, mara ngapi, na nani atakuwa amesimama karibu nami? Mengine yote nitakayosema leo yanazunguka hapo.

Nichukue upasuaji mmoja, wa kawaida kabisa: kumfunga uzazi mbwa jike. Ovari yake imejificha ndani, karibu na figo, imeshikiliwa na kano. Ili uilete juu uione, sharti uivute hiyo kano kwa kidole mpaka ilegee au ikatike, na pembeni yake pana mshipa wa damu usiotaka kuupasua. Kitabu kinasema uvute taratibu. Taratibu ni kiasi gani? Ukivuta kidogo mno, ovari haiji, unafunga uzi gizani na fundo linateleza. Ukivuta kwa pupa, tumbo linajaa damu. Kile kiasi cha katikati kinakaa kwenye ncha ya kidole, na kidole hukijua kwa kufanya, huku mwalimu amesimama upande wa pili wa meza amevaa glovu, tayari kuingiza mkono. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara kumi na aliyetazama mara hamsini wanatoka chuoni na shahada ya jina moja. Siku ya kwanza kazini tofauti yao inaonekana kabla saa haijapita.

Sasa hapa pana jambo linalowashangaza wazazi. Hospitali ya chuo kikuu chenye jina kubwa inaweza kuwa mahali pagumu kujifunza kazi za kawaida. Sababu ni rahisi. Hospitali hizo hupokea wagonjwa waliotumwa na madaktari wengine: mbwa anayehitaji kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, farasi mwenye mfupa uliovunjika vipande vipande, paka mwenye uvimbe kwenye ubongo. Mgonjwa wa namna hiyo ana foleni ya madaktari. Wa kwanza bingwa, wa pili anayesomea ubingwa, wa tatu daktari tarajali, na mwishoni wewe, umeshika faili. Utajifunza mengi kwa kusikiliza wanavyofikiri, wala sidharau hilo. Kuna namna ya kuupanga ugonjwa kichwani ambayo hupatikana kwa kukaa karibu na mabingwa. Ila kazi yako ya kwanza haitakuwa kubadilisha nyonga. Itakuwa mbwa anayetapika, ng'ombe aliyekataa kula, paka anayejikuna hadi manyoya yanaisha, mbuzi anayeshindwa kuzaa usiku. Uliza: chuo kina kliniki ya kawaida, mlango ambao mtu yeyote anaingia na mnyama wake bila barua ya kutumwa? Kina huduma ya kuzungukia mashamba? Kina mpango na vituo vya kuhifadhi wanyama wasio na wenyewe, ambako wanafunzi hufunga uzazi wengi kwa siku moja? Chuo chenye jibu zuri kwa maswali hayo kinaweza kuwa cha arobaini kwenye orodha, na mimi ningempeleka mwanangu huko.

Msidhani haya ni mawazo yangu tu. Mwaka 2012, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu yale ambayo mhitimu anapaswa kuyaweza siku yake ya kwanza kazini, na mwaka uliofuata likatoa mwongozo wa mtaala wa msingi. Uingereza nayo ina orodha yake ya uwezo wa siku ya kwanza. Angalieni walivyouweka mkazo: mhitimu anaweza kufanya nini, si amesoma saa ngapi. Chuo makini kitakuwa na daftari la stadi, karatasi au la kompyuta, ambalo kila tendo hutiwa saini na mwalimu aliyekuona ukilifanya. Ombeni kuliona hilo daftari. Mkiambiwa "tunalo" halafu mkaoneshwa picha za majengo, mmeshajibiwa.

Tuje kwenye mtaala wenyewe, maana vitabu vya matangazo vinautaja kwa maneno matamu ambayo hayamsaidii mtu.

Mtindo wa zamani mnaujua hata kama hamjausikia kwa jina. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo ni sayansi tupu: anatomia, fiziolojia, biokemia, vimelea, famakolojia. Kisha unavuka mstari unaingia kliniki. Ubaya wake ni kwamba unasoma mishipa ya fahamu ya mguu wa farasi mwaka wa kwanza na unakutana na farasi anayechechemea mwaka wa nne, na wakati huo mishipa yote imeshakutoka kichwani. Vyuo vingi vimehama kutoka huko. Vimefunga masomo kwa mifumo ya mwili, kwa hiyo mkisoma moyo mnausoma wote kwa pamoja: umbo lake, kazi yake, magonjwa yake, dawa zake, na mnasikiliza mapigo ya mnyama mzima wiki hiyo hiyo. Mimi naupenda mtindo huu, sifichi. Lakini uulizeni swali moja la kichokozi: walimu wa somo la moyo huwa wanakaa pamoja kupanga, au kila mmoja analeta mihadhara yake ya zamani na ratiba ndiyo iliyobadilishwa jina? Wanafunzi wa mwaka wa pili watawaambia ukweli. Wanajua ni mara ngapi wamefundishwa figo ile ile na watu watatu wasiojuana.

Upo na mtindo wa kujifunza kwa kisa. Ulianzia kwenye udaktari wa binadamu, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969. Kundi dogo la wanafunzi hupewa mgonjwa wa kwenye karatasi, na wao wenyewe ndio wanaoamua wanahitaji kujua nini ili wamtibu, wanakwenda kusoma, wanarudi kubishana. Kwa upande wetu, Chuo Kikuu cha Western cha Sayansi za Afya kule Pomona, California, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari wa wanyama mwaka 2003, kiliijenga miaka miwili ya mwanzo juu ya mtindo huo. Unamfaa nani? Unamfaa anayeweza kukaa siku tatu hajui jibu na bado akala chakula chake kwa raha. Anayetaka mwalimu asimame mbele aseme "andika hivi" atateseka, na si kwa sababu ni mjinga. Kila mtu ana namna yake ya kuelewa, na miaka mitano ni mirefu mno kuishi kwenye namna ya mwingine. Mkikitembelea chuo cha aina hii, ombeni kukaa kwenye kikao kimoja cha kundi. Tazameni mwanafunzi mmoja mwenye mdomo anafanywa nini na mwongozaji. Akiachwa atawale, mtindo umekufa hapo.

Kuna swali la hospitali: ya chuo au ya watu wengine? Vyuo kadhaa vipya havikujenga hospitali kubwa ya kufundishia. Nottingham ya Uingereza iliyofunguliwa 2006, Calgary ya Kanada iliyopokea kundi la kwanza 2008, Surrey ya Uingereza pia iliyoanza 2014, vyote huwapeleka wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenye kliniki na mashamba ya madaktari washirika. Faida yake mmeshaiona: wagonjwa ni wale wale wa kazi ya kila siku, na foleni ya mabingwa haipo. Hasara inategemea nani umemwangukia. Daktari mmoja atakushika mkono, mwingine ana wateja ishirini nje na atakuacha ufagie. Kwa hiyo ulizeni nani huwafundisha hao washirika kufundisha, nani huwakagua, na mwanafunzi akilalamika kituo huondolewa au hulindwa. Na jambo dogo linalouma baadaye: vituo hivyo vimetawanyika. Nauli nani analipa? Utalala wapi wiki tatu ukiwa mji usioujua? Huyu asiye na gari anafanyaje? Ulizeni bila aibu.

Mafunzo ya nje wakati wa likizo ni jambo jirani na hilo. Uingereza kwa miaka mingi kanuni iliwataka wanafunzi wakamilishe wiki 38 nje ya chuo: 12 za kuhudumia mifugo na wanyama wengine mwanzoni mwa masomo, na 26 za kliniki baadaye. Ilikuwa kanuni nzuri, kwa maana ilimlazimisha mtoto aliyekulia ghorofani ajue kumkamata kondoo kabla hajafundishwa kumtibu. Lakini wiki hizo zilikuwa likizo ambayo usingeweza kuitumia kufanya kibarua. Anayejilipia masomo alihesabu hilo mapema.

Sasa, mnyama gani anatawala mtaala? Hili halisemwi kwenye vipeperushi, na historia yetu nzima imo humo. Claude Bourgelat alipoanzisha chuo cha kwanza cha udaktari wa wanyama, Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, alikuwa mkuu wa shule ya kupanda farasi. Tauni ya ng'ombe ilikuwa ikiangamiza mifugo Ulaya, na ndiyo iliyosaidia serikali kufungua mkoba. Chuo cha London kilipoanzishwa 1791 kilitazama farasi kwa muda mrefu kuliko mnyama mwingine yeyote, kwa kuwa farasi ndiye aliyekuwa na jeshi na matajiri nyuma yake. Leo farasi amepunguziwa nafasi na mbwa na paka. Fungueni ratiba ya mwaka wa mwisho, hesabuni wiki. Ukikuta wiki moja ya ng'ombe, moja ya nguruwe na kuku kwa pamoja, na kumi na tano za mbwa na paka, basi unajua chuo kinamwandaa nani, hata kama ukutani wameandika "wanyama wote". Vipo vyuo vinavyomruhusu mwanafunzi achague njia mapema, mifugo au wanyama wa nyumbani au farasi, na Utrecht, Uholanzi, ni miongoni mwa vinavyojulikana kwa hilo. Ukishajua unachotaka ni raha tupu. Lakini nchi nyingi hutoa leseni moja kwa wanyama wote, na watu wengi hubadili mawazo. Nimewaona walioapa kutibu farasi maisha yao yote wakiishia kwa samaki wa kufugwa, tena kwa furaha. Usifunge mlango mwaka wa pili kama hujalazimika. Na msisahau afya ya jamii: ukaguzi wa nyama, kichaa cha mbwa, kimeta, brusela. Chuo kinachofundisha hayo kwa wiki moja ya mihadhara ya usingizi baada ya chakula cha mchana kinawanyima nusu ya taaluma.

Niseme kuhusu ithibati, yaani utambuzi rasmi wa chuo, kwa kifupi lakini kwa ukali, kwa kuwa hapa ndipo watu hulia. Elimu ni kitu kimoja na ruhusa ya kufanya kazi ni kitu kingine. Aleen Cust alimaliza masomo yake ya udaktari wa wanyama Edinburgh mwaka 1900. Chombo cha usajili cha Uingereza kilimkataa kwa sababu ni mwanamke, na hakusajiliwa mpaka 1922. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alitibu wanyama Ireland na alijua kazi vizuri. Karatasi ndiyo iliyokosekana. Sababu za leo ni tofauti, maumivu yanafanana. Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani kina baraza linalotoa ithibati kwa vyuo vya huko na kwa baadhi vya nchi nyingine. Umoja wa Ulaya unataka masomo yasiyopungua miaka mitano ya muda wote. Chuo kizuri kabisa kinaweza kutambuliwa nchi moja na kutotambuliwa nyingine. Jiulize unataka kufanya kazi wapi, kisha usimuulize mtu wa udahili. Ingia kwenye orodha ya chombo cha usajili cha nchi hiyo ulisake jina la chuo kwa macho yako. Chuo kipya chenye ithibati ya muda si lazima kikimbiwe, ila ujue neno "muda" lina maana gani na lini linaamuliwa. Na vyuo vilivyo chini ya baraza la Marekani hutakiwa kuweka hadharani kiwango cha wahitimu wao wanaofaulu mtihani wa leseni wa Amerika Kaskazini. Tafuta takwimu hiyo ya miaka kadhaa, si ya mwaka mmoja uliopendeza.

Nimebakiwa na la maisha ya mwanafunzi. Wengi hulidhani ni habari ya mabweni na viwanja vya mpira. Mimi nalihesabu kuwa sehemu ya mtaala.

Mtakapotembelea chuo, mtapewa mwanafunzi wa kuwatembeza. Atakuwa mchangamfu na mkweli kiasi, lakini amechaguliwa. Mshukuruni, kisha mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyetoka zamu ya usiku, ambaye hana nguvu za kudanganya. Muulizeni: jana usiku mlikuwa wangapi, na leo utaruhusiwa kulala? Mwalimu akimkosoa mwanafunzi, humkosoa pembeni au mbele ya mwenye mnyama? Mara ya mwisho mtu alipokosea kipimo cha dawa, kilifuata nini? Chuo ambacho kosa huandikwa, likajadiliwa na wote wakajifunza, ni chuo salama kwa mgonjwa na kwa mwanafunzi. Chuo ambacho kosa hufichwa kwa kuogopa kudhalilishwa, wahitimu wake wanaendelea kuficha hadi kazini.

Nalitilia uzito kwa sababu taaluma yetu ina jeraha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwanzoni mwa 2019 ulionesha kuwa madaktari wa wanyama wanaume walikuwa katika hatari ya kufa kwa kujiua takriban mara mbili ya watu wa kawaida, na wanawake mara tatu na nusu. Sisemi haya kuwatisha, wala chuo peke yake hakiwezi kuyamaliza. Ila nataka mjue kama kuna mshauri anayepatikana bila kungoja miezi, kama mwanafunzi anaweza kusimama mwaka mmoja akarudi bila kutengwa, na kama alama hutolewa kwa kupangwa wa kwanza hadi wa mwisho au kwa kufaulu na kutofaulu. Watoto walioingia huku wote walikuwa vinara madarasani mwao. Wakipangwa upya, nusu yao wanakuwa chini ya katikati kwa mara ya kwanza maishani, na si kila mmoja ameandaliwa kwa hilo.

Ingieni pia maabara ya anatomia. Hesabuni wanafunzi kwenye kila mzoga. Ulizeni mizoga inatoka wapi. Vipo vyuo vinavyotumia wanyama waliotolewa na wenyewe baada ya kufa, na hilo hubadilisha namna darasa zima linavyofanya kazi. Kisha nendeni kwenye zizi. Kupima mimba ya ng'ombe kwa mkono, glovu hadi begani, ni stadi isiyoonekana: mwalimu haoni vidole vyako vimegusa nini na wewe huoni chochote. Ng'ombe mmoja hawezi kuchunguzwa na darasa zima siku moja, ni kumtesa. Ndiyo maana Sarah Baillie alibuni kule Uingereza, miaka ya 2000, ng'ombe wa kompyuta: unaingiza mkono, mashine inakurudishia hisia ya mfuko wa uzazi, na mwalimu anaona kwenye skrini kidole chako kilipo. Chuo chenye vifaa vya namna hiyo, au hata vya bei nafuu vilivyotengenezwa na mafundi wake wenyewe, kinakupa nafasi ya kukosea mahali pasipoumiza mtu. Uliza kama maabara hiyo hufunguliwa jioni. Vifaa vilivyofungiwa kabatini vinasubiri wageni tu.

Wazazi, gharama nitaigusa kidogo. Msilinganishe ada ya mwaka, linganisheni jumla mpaka siku ya leseni: miaka yote, makazi, safari za mafunzo, mitihani. Marekani masomo kwa kawaida ni miaka minne baada ya shahada ya kwanza, Uingereza kwa kawaida ni mitano moja kwa moja kutoka sekondari, Cambridge ni sita. Mwaka mmoja wa ziada ni mwaka mmoja wa mshahara uliokosekana.

Na kama baada ya yote haya vyuo viwili vimebaki sawa? Omba kila kimoja kikupe ratiba kamili ya mwaka wa mwisho, wiki kwa wiki. Ziweke pamoja mezani, kisha tia alama kila wiki ambayo una uhakika utagusa mgonjwa mwenyewe. Ambacho hakitaki kukupa ratiba kimekurahisishia kazi.

Nimemaliza. Wenye barua za vyuo wazilete hapa mbele, na kama mmekuja na ratiba, tutaanza nazo. Wewe binti wa nyuma uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja ithibati, swali lako liwe la kwanza.